Kabla Chai Haijapoa

"Nipe shikamoo yangu, Kalunde. Usipite hapa kama umeona kiti kitupu."

Kalunde Mihayo alisimama mlangoni mwa Ukumbi wa Mapokezi, katika kituo cha Mruko cha Tabora, akamtazama Sizya aliyekuwa amejinyoosha kwenye kiti chake cha chuma. Walisoma darasa moja. Waliwahi kuchapwa siku moja kwa kosa moja.

"Sizya, tumezaliwa mwaka mmoja."

"Wewe umezaliwa. Mimi nimezaliwa na nikaongezewa." Akalikunja goti, goti likalia kama mlango wenye kutu. "Umesikia? Hilo ni goti la babu yako. Lete shikamoo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mle ndani hakuna aliyejua tena nani amwamkie nani. Wahesabu miaka ya kuzaliwa au ya mwili? Msichana wa kiti cha nyuma alikuwa na mvi kumzidi mama yake mzazi, na nyumbani walikuwa wamekoma kuamkiana, maana kila asubuhi ilikuwa aibu.

"Haya, shikamoo, mzee Sizya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo unatugawia nini?"

Kugawa uzito ndiyo iliyokuwa kazi ya Kalunde. Matangazo ya Shirika yalisema Mruko umeua umbali. Yalibandikwa kila mahali: kikombe kinafuka moshi, na chini yake maneno *Utafika kabla chai haijapoa*. Lakini umbali haukuwa umekufa. Msafiri aliingia kwenye chumba kidogo Santiago, mlango ukafungwa, na ulipofunguka alikuwa Tabora. Kwa mstari ulionyooka hizo ni karibu kilomita elfu kumi na moja, na ndege za zamani zingezipita kwa saa kumi na tatu. Saa hizo msafiri aliziruka, ila hazikupotea. Zilianguka mwisho wa safari, na zilianguka nzito: kila saa iliyorukwa ilitua kama mwezi mzima, na mwezi huo ulilazimika kupita mwilini mwa mtu.

Kwa hiyo kulikuwa na viti arobaini. Miezi kumi na mitatu ikigawanywa kwa watu arobaini, kila mpokezi hupungukiwa na siku kama kumi za maisha yake. Kucha hurefuka, ndevu huchomoza, njaa hubana ghafla, basi. Kesho yake anarudi kupokea mwingine.

Wahandisi walipotafuta mji wa kujenga ukumbi wa kwanza Afrika, waliichagua Tabora. Walisema ni kwa sababu ya ardhi yake tambarare. Lakini kila mtoto wa Unyamwezi alijua kwamba mababu zake walibeba pembe na vitambaa vya watu wengine mpaka pwani na kurudi. Aliyetafuta mabega alijua pa kuyapata.

"Leo wanakuja watu wa Hanoi na Oslo," Kalunde alisema. "Si wazito sana."

"Oslo ni jirani tu. Hao nawapokea huku nimelala."

Kalunde akaketi kwenye chumba chake cha kioo, akafungua ratiba ya kesho. Abiria wa saa tisa alasiri alikuwa mmoja tu.

*Nyamizi Mihayo. Kutoka Santiago. Mpokezi: mama mzazi.*

Sizya alimwona kupitia kioo. Akanyanyuka, akaja akichechemea.

"Dadako tena?"

"Kesho."

"Mwambie Mama Nyamizi apumzike. Tugawie sisi. Siku kumi tu, kwa mama yule nitatoa hata ishirini."

"Haugawiki, Sizya. Unajua."

Alijua. Uzito hujifunza njia. Mtu mmoja akimpokea msafiri yuleyule peke yake mara nyingi, uzito wa msafiri huyo humzoea, na tangu hapo humwangukia yeye tu, awe kitini au shambani. Wahandisi waligundua hilo wakati watu wameshakufa. Wakapiga marufuku mapokezi ya ndugu, lakini kwa waliokwisha kuzoewa marufuku haikusaidia kitu.

Na mama yake Kalunde alikuwa amempokea Nyamizi mara ishirini na mbili.

*

Nyumba yao ilikuwa Kanyenye. Jua lilikuwa bado kali Kalunde aliporudi, na mama alikuwa ameketi uani anachambua michembe, vipande vya viazi vikavu, kwenye ungo, ameikaribiza machoni kipande kwa kipande. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Mwili wake ulikuwa umetimiza themanini.

Nje ya ua alipita mzee Kasele, mwalimu aliyemfundisha mama kusoma alipokuwa binti mdogo. Mzee akavua kofia.

"Shikamoo, Mama Nyamizi."

"Marahaba, mwalimu."

Mtaa mzima ulimwita hivyo, kwa jina la kifungua mimba wake. Mtoto wa pili ndiye aliyebaki, ndiye aliyechota maji na kumpeleka hospitali, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwita Mama Kalunde.

"Anakuja kesho," mama alisema kabla hajaulizwa. "Amepiga simu mwenyewe. Amesikia naumwa. Anasema, mama, weka chai jikoni, nitaikuta ya moto."

"Mama, hatakukuta."

Mama akaendelea kuchambua.

"Daktari amesema mwili wako umebakiza miezi mitano, labda sita," Kalunde alisema. "Uzito wa Santiago ni miezi kumi na mitatu. Utafia kitini, mlango haujafunguka."

"Utafunguka. Nitashikilia."

"Hakuna kushikilia! Si kamba hii. Mimi ndiye nagawa, mimi ndiye najua."

"Unajua hesabu." Mama aliuweka ungo chini. "Haya, na mimi nikwambie ninachojua. Marehemu bibi yako alikuwa akiona mtu anakuja kwa mbali, hata asiyemjua, anaacha jembe. Anatoka mbio mpaka barabarani. Lete mzigo, anasema, umechoka. Mwenyeji akikaa kitako akamwangalia mgeni anaingia na mzigo wake kichwani, watu walihamia upande wa pili wa kijiji wasichangie naye kisima. Na mimi mwanangu aje kutoka mwisho wa dunia, apokelewe na watu wa kuajiriwa? Kana kwamba nimekatika mikono?"

"Hao wa kuajiriwa wangepoteza siku kumi. Wewe umepoteza miaka."

"Sijaipoteza. Nimempa."

"Na yeye hajui! Anakuletea dawa za sukari, anadhani ni sukari!"

"Na asijue." Sauti ya mama ikawa ngumu. "Akijua hatakuja. Nitakufa kwa miezi yenu sita nikitazama mlango. Afadhali nife kwa dakika moja nikimpokea. Huo ni uhai wangu, Kalunde, si wa Shirika na si wako. Usimwambie. Ukimwambia, umenizika mwenyewe."

Kalunde akachuchumaa mbele yake. Aliuliza jambo ambalo hakukusudia kuliuliza.

"Na mimi je, mama?"

"Wewe? Wewe uko hapa."

"Ndiyo. Niko hapa."

"Sasa nikupokee vipi, na hujawahi kuondoka?" Mama akamgusa shavu, kidogo, kama anayefuta vumbi. "Nenda kaniletee kitenge kipya kabatini. Kile cha rangi ya udongo. Kesho nataka kuonekana mtu."

*

Saa nane na nusu ukumbi ulikuwa umejaa, ingawa wapokezi hawakuwa na kazi. Walikuja kumwona Mama Nyamizi. Sizya mwenyewe alimfunga mikanda ya kiti, taratibu, kama anayevalisha mtoto viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Au niseme kaka? Siku hizi sijui."

"Sema mpenzi, nitaitika."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Kitenge kilikuwa kipya, kinanukia dawa ya nondo. Mikono yake ameiweka mapajani, viganja juu, vitupu, vinangoja.

Katika chumba cha kioo Kalunde alifungua mawasiliano na Santiago. Sura ya Nyamizi ikajaa kwenye kioo cha meza, imeng'aa kwa asubuhi ya huko. Begani alikuwa na begi, mkononi mfuko wa zawadi.

"Mdogo wangu! Mbona umenuna? Umeota ndevu kazini humo?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama yuko kitini? Yaani mnamleta mpaka huko kunisubiri, na mguu ule! Mwambie nimembebea shali ya sufu ya milima. Nimem..."

"Dada, weka begi chini."

"Nitaliweka nikifika. Mhudumu ananiita."

"Weka chini, nikwambie kitu."

Kupitia kioo Kalunde alimwona mama akirekebisha kitenge magotini. Angeweza kukata mawasiliano, akasingizia hitilafu. Nyamizi angejaribu kesho, na kesho kutwa, na siku moja Kalunde angekuwa mapumzikoni. Angeweza kunyamaza. Kidole kimoja kwenye kitufe, mlango ungefungwa kule, na mama angepata alichokiomba. Halafu mlango huu ungefunguka na Nyamizi angetoka na shali mkononi, akamkuta mama aliyemuua bila kujua, na yeye Kalunde angeishi miaka yake yote akimficha dada yake neno hilo moja. Ni mama gani anayeomba hivyo? Na ni mtoto gani anayemnyima?

Hakujua kama kilichomchochea ni haki au ni wivu. Alifungua mdomo tu.

"Mama hana sukari," alisema. "Ni safari zako. Kila ukija, ukumbi haukupokei. Anakupokea yeye, peke yake. Alikataa ugawanywe. Sasa uzito wako umemzoea, hauendi kwa mwingine."

Nyamizi alitabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja.

"Tangu lini?"

"Tangu safari ya kwanza."

"Zote?"

"Zote."

Midomo ya Nyamizi ilikuwa inatembea bila sauti. Alikuwa anahesabu. Idi, Pasaka, harusi ya binamu, msiba wa shangazi.

"Na ile ya uyoga?"

Kalunde aliinamia ratiba.

"Kalunde, ile ya uyoga? Mvua zilianza, ukanitumia picha ya uyoga sokoni, nikasema nakuja. Nilikula, nikalala, asubuhi nikarudi. Nilikula uyoga tu!"

"Na ile, dada."

"Mwaka mzima?"

"Na mwezi."

Mhudumu aliingia kwenye picha, akamgusa Nyamizi bega, akamwonyesha mlango. Nyamizi akaupangusa mkono ule kama mdudu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza."

"Na leo hakukukataza?"

"Amenikataza."

Walitazamana. Walitenganishwa na kioo kimoja na kilomita elfu kumi na moja, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita ya safari za Nyamizi Kalunde aliziona zote.

"Nipe niongee naye," Nyamizi alisema.

"Ukiongea naye atakwambia uje."

"Ndiyo. Na mimi nitakuja." Nyamizi akavua begi begani. Aliliweka sakafuni kwa uangalifu mno, kisha akaketi juu yake, akajishika kichwa. "Mlango uko hapa. Naunyooshea mkono naufikia. Funga, Kalunde. Kama unanipenda, funga upande wako kabla sijainuka."

Kalunde akaifunga njia upande wa Tabora.

Ukumbini saa ya ukutani ilivuka tisa. Mama alikuwa amefumba macho na kukaza meno, amenyoosha mikono mbele. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akafumbua jicho moja.

"Mbona sisikii uzito?"

Sizya alitazama sakafu.

"Amechelewa?"

Kalunde alitoka kwenye chumba cha kioo. Mama aliusoma uso wake kutoka mbali, kwa macho yale yasiyoweza tena kuona jiwe kwenye michembe.

"Umemwambia."

"Mama..."

"Mbele ya watu wote hawa," mama alisema polepole. "Nimevaa. Nimenyoosha mikono. Na umeiacha mitupu." Akamgeukia Sizya. "Nifungue, baba. Nirudishe nyumbani wewe. Huyu simjui."

*

Nyamizi aliondoka Santiago juma lilelile, kwa njia ya kale. Ndege hazikuwapo. Nani angekubali kuketi saa kumi na tatu kwenye bomba la chuma, wakati Mruko upo? Viwanja vilifungwa kimoja kimoja. Cha Tabora kiliota nyasi na mbuzi walilala katikati ya njia ya kurukia. Zilibaki meli za mizigo, kwa kuwa mashine na saruji hazina wa kuzipokea.

Alivuka milima kwa basi. Akakaa miezi minne kwenye mji wa bandari, akisubiri nahodha atakayekubali kubeba mtu. Alipopata, alipiga simu kutoka ngazi za meli, upepo ukimkata maneno.

"Mwambie hii naibeba mwenyewe," alipaza sauti. "Umesikia? Kila saa, mwenyewe!"

Baada ya hapo ikawa bahari, na baharini simu haikushika.

Kalunde alipiga hesabu. Hakuna mtu Tabora aliyejua muda wa safari kama yeye. Alijua mwendo wa meli, siku za kulala bandarini Durban, barabara zilizobomoka kutoka huko kuja kaskazini. Aliiweka safari upande mmoja, akaweka mwili wa mama upande wa pili. Alirudia hesabu kwa njia nyingine, akiwatafutia meli ya kasi zaidi, dereva asiyelala, moyo wenye nguvu kidogo. Kila mara Nyamizi alifika kwenye kaburi.

Aliendelea kuamka, kwenda kazini, kugawa. Sizya hakumdai tena shikamoo.

Nyumbani mama hakumsemesha. Alikula alicholetewa, alioga alipoogeshwa, na hakuwa na neno kwake ila moja, kila jioni, akiwa ameugeukia ukuta.

"Amefika wapi?"

"Yuko baharini, mama."

"Bado?"

"Bado."

Macho yake yakazimika kabisa. Halafu na siku zikaanza kumchanganyikia. Alimwita bibi yake. Alimuuliza mzee Kasele kama kengele ya shule imelia. Daktari alikuja, akamsikiliza kifua, akamwambia Kalunde uani, kwa sauti ya chini, kwamba mvua za mwaka huu mama hataziona.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, alasiri ile Kalunde alipotoka kazini mapema. Joto lilikuwa zito na barabara ya Kanyenye ilinukia vumbi linalosubiri maji. Bado mbali na nyumba, alimwona mtu amesimama katikati ya njia.

Mama yake. Alikuwa peku, na kitenge kile cha rangi ya udongo kimefungwa upande. Alikuwa ametoka kitandani, akapapasa ukuta, akapapasa ua, akafika barabarani. Fimbo ilikuwa imemwanguka. Alisimama wima kwa namna ambayo daktari asingeiamini, ameinua uso, anasikiliza hatua zinazokuja.

"Nyamizi?"

Kalunde akasimama.

Mahali fulani, kwenye maji yasiyo na simu, dada yake alikuwa anaishi saa zake moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimebaki nyingi mno.

"Nyamizi, ni wewe?"

"Abee, mama," Kalunde alisema.

Uso wa mama ukafunguka. Kalunde alikuwa ameuona ukifunguka hivyo mara ishirini na mbili, lakini siku zote kutoka pembeni, nyuma ya kioo. Hakuwahi kusimama mbele yake.

"Mwanangu! Karibu. Karibu, karibu." Mikono ikanyooka. "Lete mzigo. Umechoka."

Kalunde alikuwa na mkoba wa kazini tu, na ndani yake bakuli tupu la chakula cha mchana. Akauweka mikononi mwa mama. Mikono ile ikazama kidogo, ikashikilia.

"Mzito," mama alisema kwa fahari. "Umetoka mbali wewe. Safari ilikuwaje?"

"Fupi, mama."

"Chai iko jikoni, bado ya moto." Haikuwapo chai. Mama akasogea karibu, akashusha sauti, kama watu wanaonong'onezana nyuma ya nyumba. "Mdogo wako alitaka kunizuia nisikupokee. Unajua? Mbele ya watu. Sijamsamehe."

Upepo ulipita, ukaokota vumbi, ukaliacha.

"Nitamwambia, mama."

"Usimwambie. Atalia, na kesho ana kazi." Akautwika mkoba kichwani, akakataa kushikwa mkono, akageuka kuelekea lango, mguu mmoja, kisha mwingine. "Twende ndani."

Kalunde akamfuata nyuma, mikono mitupu, kama mgeni.